Chakula cha Watu wa Redio

Enzi zetu kitu kikiharibika kilipigwa kofi. Redio ikianza kukoroma, kofi la ubavuni. Tochi ikififia, kofi la mgongoni. Mtoto akigoma kuamka kwenda shule, naye vivyo hivyo, na mara nyingi wote watatu walianza kufanya kazi tena. Leo simu ya binti yangu ikigoma, anaizima, anaiwasha, anaikalia kimya kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitalini, kisha ananiambia, "Mama, hapana guse, inafanya mise à jour." Kama sijakosea, mise à jour ni pale simu inapokutangazia kwamba leo ni bora kuliko jana, halafu hupati tena mahali ulipoweka picha za ubatizo.

Ninyi mliokua siku zile mtanielewa. Kwetu Mususa, hapa Butembo, asubuhi ukungu ulishuka hadi mlangoni mwa jikoni, na sisi watoto tulijibana kuzunguka moto tukingoja viazi vilivyofukiwa kwenye majivu. Tulivila na maganda yake, majivu yakiwa bado kwenye midomo, tukaenda hivyo hivyo shuleni. Simu zetu zilikuwa mikebe miwili ya nyanya na kamba katikati. Réseau, yaani mtandao, ikikosekana, ulijua mwenzako amelegeza kamba, ukamfokea, akavuta. Shuleni tuliandika kwenye ardoise, kile kibao cheusi, na kuifuta kwa mate, na kilichofutwa kilikuwa kimefutwa. Hakuna aliyetuambia kwamba kimepanda kwenye wingu. Watoto wa sasa wanasema picha zao zote ziko kwenye wingu, wala hawana wasiwasi. Sisi mawingu tuliyajua, yalitoka upande wa Lubero, na ndani yake mlikuwa na mvua tu.

Baba yetu, Kasereka, alikuwa na shamba la viazi na maharagwe kule Lubero, na bidhaa yake aliiuza hapa mjini. Alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa. Cha kwanza kilikuwa redio. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama, na kifuniko chake cha nyuma kilikuwa kimepotea zamani, kwa hiyo betri zilishikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Jumamosi betri zilipanda juu ya bati kuota jua, zirudishe nguvu. Nasi tulikaa chini kuzilinda, kwa sababu Baba alisema kunguru wanapenda vitu vinavyong'aa. Sijawahi kumwona kunguru akisikiliza habari, lakini tulilinda.

Kitu cha pili kilikuwa daftari lake. Baba aliandika humo kila kitu kuhusu sisi watoto: nani ameota jino, nani ameanguka wapi, nani amesema nini cha kuchekesha. Mwandiko wake ulikuwa kama njia ya mchwa, hakuna aliyeweza kuusoma isipokuwa yeye mwenyewe na mimi.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wanande jina la mtoto huja na zamu yake. Mimi ni Masika, msichana wa kwanza. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka kama Baba. Hata ukizaliwa Beni au ukazaliwa Kirumba, zamu ni ileile, ndiyo maana ukiita "Kambale!" sokoni nusu ya soko inageuka. Na mtoto akifariki, zamu yake haipewi mwingine. Anayemfuata huchukua jina linalofuata, na lile la mwenzake linabaki na mwenyewe.

Mdogo wangu Paluku alikuwa mtoto wa maswali. Jioni moja tulikuwa tunakula bugali na maharagwe, redio inasoma habari, naye akaacha kutafuna.

"Papa, bale batu ba mu radio banakulaka saa ngapi?"

Baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alimeza kwanza.

"Banakulaka tukisha kuzima."

Jambo hilo lilimtosha Paluku kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwangu amekunja uso. Amechunguza, alisema, na redio imezimwa mara nyingi, lakini hajamwona mtu yeyote akiwapelekea sahani. Nilikuwa na miaka saba, nina mambo yangu, nikamwambia awapelekee yeye.

Basi akawa anawapelekea. Kila redio ilipozimwa alipanda juu ya kiti na kuingiza maharagwe makavu kwenye tundu la nyuma, pale palipokosa kifuniko, moja moja, kwa sababu tundu lilikuwa dogo na yeye alikuwa na adabu. Baada ya wiki redio ilianza kuchacharika, kisha ikanyamaza. Baba aliipiga kofi, ikachacharika zaidi. Akaipeleka kwa fundi na sisi tukamfuata. Fundi akafungua, akatazama ndani kwa muda mrefu, akatoa haragwe, akatoa lingine, akapanga mezani kumi na moja. Moja lilikuwa limeshaanza kuota.

"Papa Kasereka," fundi akasema, "hii ni radio ama ni shamba?"

Lilibaki la kumi na mbili, limejificha chini ya spika. Fundi alilitafuta kwa kibanio, akachoka. "Ile moja tuiachie. Nikilazimisha kuitosha, itatoka pamoja na sauti." Akafunga, akawasha, na redio ikazungumza kwa nguvu kuliko zamani. Paluku akatutazama sote, mmoja mmoja.

"Munaona? Balikuwa na njaa."

Baba alicheka hadi akaketi kwenye ngazi ya fundi. Siku ile hakumpiga mtu kofi, wala redio. Aliporudi nyumbani alichukua daftari akaandika.

Mwaka ule surua ilipita mtaani kwetu na ikamchukua Paluku. Alikuwa na miaka mitano. Hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alikuja mtaani siku za komunyo, na komunyo yake haikufika. Mdogo wetu Kambale alikuwa bado anabebwa mgongoni, hakumjua kaka yake. Nililia mpaka nikaumwa, na sitawadanganya kwamba muda umeniponya, maana mpaka leo nikiona mtoto amepanda juu ya kiti moyo wangu unashtuka. Kilichobaki cha Paluku kilikuwa kwenye daftari la Baba, kurasa kumi na moja, nilizihesabu.

Nilipofika miaka kumi na miwili, ordinateur, yaani kompyuta, iliingia Mususa. Mama Kavira, jirani yetu na mtu wa kwaya, alifungua secrétariat, ofisi ya kuchapia watu barua, kwenye chumba kilichotazama barabara. Mashine ilikuwa na kichwa kikubwa na ilitetemeka pamoja na jenereta ya nje. Watu waliingia kuandikisha barua, wakavua kofia mlangoni. Baba alitazama kazi ile siku nyingi, kisha akachukua daftari lake akaenda. Alisema karatasi huliwa na panya, na yeye anataka watoto wake wakae mahali ambapo panya hafiki.

Kwa kuwa Mama Kavira hakuweza kuusoma ule mwandiko, mimi ndiye niliyesoma kwa sauti naye akachapa. Tulitumia Jumamosi nne. Tulipofika kwenye maharagwe ya redio alicheka, na tulipofika kwenye surua alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuchapa kwa kidole kimoja. Mwisho akahifadhi yote chini ya jina "Kasereka". Imprimante, ile ya kutolea karatasi, haikuwa na wino, wino unangojwa, kwa hiyo alimpa Baba disquette, kile kibapa cha plastiki cheusi ambacho watoto wangu wakikiona leo wanadhani ni kitufe cha kuhifadhi kilichodondoka kutoka kwenye kompyuta.

"Na machine ikisahau?" Baba akauliza.

"Papa Kasereka, machine haisahauke. Donc, kama kunatokea kitu, uko na disquette. Hii ni mbegu."

Alitumia neno hilo ili mkulima aelewe. Mkulima alielewa kabisa, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Kwanza lilikwenda daftari. Maadamu mashine haisahau na mbegu iko nyumbani, Baba aliona hakuna sababu ya kubaki na karatasi, akampa Mama afungie karanga alizouza mlangoni. Mtaa mzima ukala karanga kutoka kwenye historia yetu. Ndivyo darasa letu lote lilivyojua kwamba Masika alikojoa kitandani hadi miaka sita, na ilikuwa kwa mwandiko wa baba yangu mwenyewe, ambao ghafla kila mtu aliweza kuusoma.

Kisha wino ukafika, tukaenda kuchapisha. Mama Kavira akafungua "Kasereka". Ilikuwa barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi wa shule, mwenye afya njema na asiyekunywa. Alikuwa Kasereka mwingine. Mama Kavira alisoma barua ile mara mbili, kama vile sisi tungeweza kutokea kwenye mstari wa chini. Mwishowe akakumbuka. Alipokuwa anahifadhi barua ya yule bwana, mashine ilimwambia jina hilo liko tayari, ikamuuliza swali.

"Iliniuliza na adabu," akasema. "Voulez-vous le remplacer? Ikanitendea vous. Nikajibu oui."

Kwa Kifaransa iliuliza kama anataka kuiondoa ya zamani na kuweka mpya mahali pake, tena kwa vous, ile ninyi ya heshima, naye akajibu ndiyo. Simlaumu. Sisi tulilelewa hivyo, mtu akikuuliza kwa heshima humtupii hapana usoni. Tena kwa Wanande mashine ile ilikuwa inatafuta ugomvi tangu mwanzo. Katika mji wenye kina Kasereka wasiohesabika, inashangaa nini kukuta jina liko tayari? Siku hizi watu wamejifunza. Juzi niliona kompyuta ya secrétariat moja, ndani kuna "Kambale", "Kambale wa pili", "Kambale wa kweli" na "Kambale wa kweli mwisho".

Baba hakupandisha sauti. "Hapana shida, Mama Kavira. Mbegu iko."

Mnajua mkulima wa Lubero anavyotunza mbegu ya maharagwe. Anaichanganya na majivu ili wadudu wasitoboe, anaitia kwenye kibuyu, anaziba mdomo wake, anakitundika jikoni juu ya moto, moshi ukikaushe. Baba alikuwa ameitunza disquette ile bila kukosea hata hatua moja. Na mbegu haitolewi kibuyuni hadi siku ya kupanda, kwa hiyo, tulipoambiwa kuna fundi wa ordinateur kule Beni anayefufua vitu, tulipanda lori na kibuyu kizima. Baba alikipakata magotini njia nzima, na kila shimo la barabara alikikumbatia.

Beni kulikuwa na joto, na fundi alikuwa kijana mwenye shati jeupe. Alipoona kibuyu alitabasamu, akasema "Wasingya, Papa," akishukuru, akidhani ni zawadi. Baba akafungua mdomo wa kibuyu akamimina. Majivu yalienea mezani, yakaingia kwenye vitufe vya clavier, yakatua kwenye shati. Disquette ikaanguka ya mwisho, imepinda mgongo kama chapati.

Fundi aliipuliza. Akajaribu kuiingiza, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa tena. Akamtazama Baba kwa heshima kubwa.

"Papa, hii iliiva."

Wazee walisema akiba haiozi. Juu ya kuiva hawakusema lolote.

Tuliporudi, lori lilipokuwa linapanda kuelekea kwenye baridi yetu, Baba alikaa na kibuyu kitupu. Alisema bila kunitazama, "Masika, ulisoma yote?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi usisahau."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nami nikaitika. Sasa nina watoto wakubwa, na ninakiri hapa kitu ambacho sijamwambia Baba: zile kurasa kumi na moja, nikijitahidi sana, zinatoka mbili. Mimi ndiye niliyekuwa disquette ya pili, nami pia nimeiva.

Kambale, yule aliyekuwa mgongoni, leo ni mfanyabiashara wa kati ya Butembo na Beni, ana simu mbili na habari zote za teknolojia. Jumapili baada ya misa tunakutana kwa Baba, naye anatutangazia. Kuna simu inayokunjwa, anasema. Sisi tulikunja mikeka, hakuna aliyepiga picha. Kuna saa ya mkononi inayokuambia kama umelala vizuri. Mimi nikitaka kujua nimelala vizuri, namuuliza mume wangu, naye hanyamazi. WhatsApp itafungwa kwa asiyetuma ujumbe huu kwa watu kumi. Hiyo ya mwisho imefungwa kila mwaka tangu nilipoijua.

Lakini kuna jambo Kambale halifanyii mzaha. Maisha yake yote, akitaja jina lake, mtu humuuliza, "Na Paluku iko wapi?" Ni swali la kawaida kwetu, la kujua habari za nyumbani, na yeye amekuwa akilijibu tangu shule ya msingi kwa niaba ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo mwaka huu, aliposikia kwamba simu sasa zina akili na ukizieleza mtu zinamchora, alianza kunipigia mimi, dada yake mkubwa.

"Yaya, alikuwa na uso gani?"

Nilimweleza. Masikio yaliyosimama, pengo la mbele, kovu dogo kwenye kidevu. Akataka kujua macho, nikamweleza macho. Jumapili moja akaja na picha, akanionyesha mimi kwanza, nje, karibu na mlango wa jikoni. Mtoto alikuwa anatabasamu. Alikuwa na masikio, pengo, kovu, na ngozi inayong'aa kama aliyepakwa mafuta kwa ajili ya harusi. Kambale alinitazama kwa hamu, nami nikasema anafanana. Sikuwa na hakika. Na tangu saa ile, nikifumba macho kumtafuta mdogo wangu, anakuja yule wa kwenye simu. Uso niliokuwa nao miaka yote hii, hata kama ulikuwa umefifia, siuoni tena. Safari hii hakuna aliyeniuliza hata voulez-vous. Niliogopa, nikataka Baba asionyeshwe, lakini Kambale alikuwa ameshaingia ndani.

Mbali na picha, alikuwa amemletea Baba redio mpya ya jua, yenye taa na mahali pa kuchomeka clé USB. Ile ya zamani ilinyamaza miaka mingi iliyopita na hakuna fundi aliyeiweza. Bado iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha Mama, na wajukuu wanacheka babu yao anapoipangusa vumbi.

Baba alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa utulivu.

"Mutoto muzuri," akasema. "Ni wa nani?"

Kambale akasema kwa sauti ndogo, "Ni Paluku, Papa. Machine ndiyo ilimufanya."

Baba akaitazama tena, ili asimwonee mtoto wa watu. Akairudisha simu kwa mikono miwili, kama unavyorudisha sahani kwa jirani. "Mushukuru huyo machine. Ilijikaza."

Kambale akaiweka mfukoni. Nilimwona anatafuta la kufanya na mikono yake, na akashika lile boksi la redio mpya. "Basi, Papa, ile ya zamani niitoshe? Hii mupya niiweke pahali pake?"

"Hapana," Baba akasema.

Alilisema wazi, bila kupunguza, neno ambalo Mama Kavira hakuweza kuiambia mashine. Akainuka, akaondoa kitambaa, akaishusha redio kwa mikono yake ya uzee, akamsogelea Kambale na kuitikisa karibu na sikio lake.

Ndani kitu kidogo kikagonga. Ko, ko.

Kambale aliijua hadithi ya maharagwe, nilimsimulia mara nyingi. Lakini redio ile haikuguswa na mtoto, na tulipokuwa wakubwa haikuguswa na mtu ila Baba na mafundi wake. Hakuwahi kulisikia lile haragwe la kumi na mbili. Uso wa Paluku haukunirudia pale, na labda hautarudi, ila sauti yake ilirudi nzima, akiwa amesimama kwa fundi anatutazama mmoja mmoja: munaona?

"Mi nilimuambia banakulaka tukisha kuzima," Baba akasema. "Sasa tulizima. Banakula."

Redio mpya iliwekwa juu ya kabati pembeni ya ile ya zamani, ya pili, na Kambale mwenyewe ndiye aliyeipangia zamu. Inasoma habari vizuri, nayo haijawahi kuhitaji kofi. Zamani tulikuwa na vitu vichache na tulivipiga, lakini vilishika walichotia wenyewe. Vya leo vinashika kila kitu, na sijui nani ametia nini.

Kabla ya kuirudisha ile ya zamani mahali pake, Kambale aliomba kuishika. Akatoa simu ili arekodi ule mlio, akaisogeza karibu, akatikisa redio. Simu ikamwambia mémoire pleine, kumbukumbu imejaa. Akaitazama, akairudisha mfukoni, akaweka sikio lake kwenye redio.